Nguo za Mzee Asiyejiweza: Namna ya Kuzifua Bila Kueneza Maradhi

Mji wa Modogashe umo katika Kaunti ya Garissa, mahali zinapokutana barabara zitokazo Garissa, Isiolo na Wajir. Ni nchi ya jua kali, yenye mifugo mingi na maji machache. Huko, mzee aliyeishiwa na nguvu kwa desturi hapelekwi katika nyumba maalum ya wazee, kama zile za Sebleni na Welezo zilizoko Unguja, au ile Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayotunzwa na masista wa Kikatoliki. Mzee hulala kwake, katikati ya wanawe na wajukuu wake, na wao ndio wauguzi wake. Desturi hiyo ni ya heshima, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yaitambua, kwa kuwa husema kwamba mzee anayo haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa yake na kwa serikali.

Lakini iko kazi moja katika matunzo hayo ambayo haizungumzwi barazani, nayo ni kufua nguo na matandiko yaliyochafuliwa kwa mkojo, choo, matapishi au damu. Kazi hii aghalabu humwangukia mwanamke mmoja tu nyumbani: binti wa mzee, au mkaza mwana wake. Huifanya alfajiri kabla watu hawajaamka, kwa maji kidogo, bila mtu kumfundisha. Basi ikiwa haifanyi kwa utaratibu, yeye ndiye wa kwanza kuugua, na baada yake watoto anaowapikia.

Ubaya wa nguo hizi hautokani na harufu yake. Nguo iliyonuka kwa jasho la siku tatu haina hatari kubwa, na shuka yenye doa dogo la choo cha mtu mwenye kipindupindu yaweza kuiletea nyumba nzima msiba. Ndani ya choo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huleta kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, na yale maradhi ya ini yaitwayo hepatitisi E. Vijidudu hivyo haviwezi kuruka kutoka kwenye shuka na kumwingia mtu. Huchukuliwa na mkono, kisha mkono hushika kikombe, hukanda unga, au humlisha mtoto. Nzi naye hufanya kazi hiyo hiyo bila kuajiriwa. Kwa hiyo safari ile fupi ya nguo, kutoka kitandani hadi kwenye beseni, ndiyo yenye hatari kuliko kufua kwenyewe, nayo ndiyo wasiyoijali watu wengi.

Watu wa nchi za mbali walijifunza jambo hili kwa hasara kubwa. Katika vita vya Krimea, mwaka 1854, mwuguzi Mwingereza Florence Nightingale alipofika katika hospitali ya askari ya Scutari, mkabala wa mji wa Istanbul, alikuta majeruhi wamelala juu ya uchafu wala hapana mpango wa kufua. Alikodi nyumba, akatia ndani yake masufuria makubwa ya kuchemshia maji, na wake wa askari wakaajiriwa kufua. Hata hivyo vifo havikupungua sana mpaka mwaka 1855, ilipofika tume ya afya na kusafisha mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali ile ile. Yaani nguo zilikuwa zimekwisha kupata mahali pa kufuliwa, lakini uchafu ulikuwa bado haujapata mahali pa kwenda.

Sasa na tuanze kitandani. Kabla mfuaji hajagusa nguo iliyochafuka, kila kitu anachokihitaji kiwe karibu: ndoo yenye kifuniko, nguo safi za kubadilisha, maji ya kunawa katika birika, na sabuni. Mtu anayeanza kazi kisha akakumbuka sabuni iko jikoni, atafungua mlango na kushika kabati kwa mikono michafu. Akiwa na glavu za mpira, zile nene za kufulia, azivae. Zinauzwa madukani nazo huweza kufuliwa na kutundikwa zikauke kwa kazi ya kesho. Akiwa hana, yafaa angalau afunike kidonda chochote kilicho mkononi mwake, na ajue kwamba kunawa baada ya kazi ndiko kunakomlinda.

Shuka isikung'utwe kamwe. Mtu akikung'uta hutawanya uchafu hewani na sakafuni, na juu ya mzee mwenyewe. Ikunjwe polepole kutoka pembeni kuelekea katikati, hata uchafu wote uwe ndani kama nyama ndani ya sambusa, kisha itiwe moja kwa moja katika ndoo iliyoletwa kando ya kitanda. Isiwekwe chini, wala isichukuliwe kwa kukumbatiwa kifuani. Wengi hukumbatia fungu la nguo chafu kwa sababu ni rahisi kulibeba hivyo, kisha kwa dera lile lile humnyanyua mtoto anayelia. Vitabu vingi vya uuguzi husema nguo zitiwe katika mfuko wa plastiki na kufungwa. Lakini nchini Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwezi Agosti 2017, na hata isingalipigwa, ndoo yenye kifuniko ni bora, kwa kuwa haitoboki na huweza kuoshwa. Ndoo hiyo iwe na alama, kwa mfano kamba nyekundu iliyofungwa kwenye mkono wake, ili mtu asije akaitumia kukamulia maziwa au kutekea maji ya kunywa.

Kabla ya kufua, uchafu mzito uondolewe kwa kijiti au kwa kipande cha kopo, utiwe chooni. Kisha nguo isuuzwe kwa maji baridi, na maji hayo pia yamwagwe chooni. Yawe baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu na choo katika nyuzi za nguo, na doa likishaganda hivyo ni shida kulitoa. Suuzo hili la kwanza lina faida nyingine itakayoelezwa mbele, inayohusu dawa ya klorini.

Ndipo nguo hufuliwa kwa sabuni. Hapa wakazi wa nchi hiyo wana taabu yao wenyewe. Maji ya visima vingi vya kuchimbwa katika pande za Kaskazini Mashariki yana chumvichumvi, na katika maji ya namna hiyo sabuni ya mche haitoi povu. Hugeuka utando mweupe unaoganda juu ya maji na kubaki ndani ya nguo, hata nguo ikawa ngumu na yenye kukwaruza. Kwa mtu mwenye afya hilo ni udhia tu. Kwa mzee alalaye mchana na usiku, ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi, nguo ngumu huleta michubuko na michubuko huleta vidonda. Katika maji hayo sabuni ya unga hufaa zaidi, maana povu lake haliharibiwi upesi na chumvi hizo. Kama maji ya mvua yamekingwa, sehemu yake iwekwe kwa suuzo la mwisho.

Sabuni na kusugua huondoa vijidudu vingi, lakini si vyote. Njia ya kuviua vilivyobaki ni joto au klorini. Hospitali kubwa zenye mashine huosha matandiko kwa maji ya moto wa digrii 71 kwa muda wa dakika 25. Nyumbani hapana haja ya kipimo: nguo ya pamba itiwe katika sufuria ya maji yanayochemka, ikorogwe kwa mti mrefu, iachwe muda kama huo. Sufuria hiyo isiwe ya kupikia chakula. Lakini kuni na makaa ni gharama, na miti ya nchi kame haioti upesi ikikatwa, basi si kila siku mtu ataweza kuchemsha.

Klorini ni ile dawa ya maji inayouzwa chupani kwa kung'arisha nguo nyeupe. Wengi huimimina kwa kukisia, wakidhani kwamba ikizidi ni afadhali. Ikizidi huichoma mikono ya mfuaji, huozesha kitambaa, na ikibaki nguoni huwasha ngozi ya mzee. Nguvu itakiwayo kwa nguo zilizokwisha kufuliwa ni asilimia 0.05, nazo zikae humo kwa dakika 30. Msomaji na atazame maandishi ya chupa. Ikiwa yasema asilimia 3.5, basi sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu 69 za maji. Kwa dumu la lita 20 hesabu hiyo hutoa karibu mililita 290, yaani takriban chupa moja ya soda ya mililita 300. Kwa beseni la lita 5, robo ya chupa hiyo yatosha. Nguo za rangi zitapauka kidogo, na nguo za sufu zisitiwe kabisa.

Dawa hii ina maadui watatu. Wa kwanza ni uchafu: klorini ikikutana na choo au matapishi huishia nguvu hapo hapo, isibaki ya kuua vijidudu, na ndiyo sababu nguo hufuliwa kwanza. Wa pili ni jua na joto. Chupa iliyokaa wiki nyingi dirishani mwa duka huko Modogashe huenda imebaki harufu tu. Yafaa kununua iliyowekwa kivulini na ambayo tarehe yake haijapita, na kuchanganya ile ya kutumia siku hiyo peke yake. Adui wa tatu ni hatari kwa mfuaji mwenyewe. Klorini isichanganywe na mkojo, wala siki, wala dawa za kusafishia choo zenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma macho na kubana kifua. Kwa hiyo shuka iliyolowa mkojo isitupwe kamwe katika maji ya klorini kabla ya kusuuzwa. Kazi hiyo ifanywe nje penye upepo, si ndani ya chumba.

Huenda mtu akauliza, haya yote yatafanyikaje mahali ambapo maji huletwa kwa mkokoteni wa punda na kuuzwa kwa dumu? Swali ni la haki. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo katika nchi za Kaskazini Mashariki, mifugo ikafa kwa wingi, na katika shida hiyo hiyo, tangu Oktoba 2022, kipindupindu kikazuka nchini Kenya na kufika Garissa pia. Maradhi ya uchafu huja pia wakati maji yamepungua, si wakati yamejaa tu. Basi mwenye maji machache anahitaji utaratibu kuliko mwenye maji mengi. Kanuni ni kwamba maji yaende kutoka kwenye usafi kuelekea kwenye uchafu, yasirudi nyuma. Maji ya suuzo la mwisho, ambayo bado yanaonekana safi, yaweza kuhifadhiwa yawe ya suuzo la kwanza la nguo za kesho, maadamu hayana klorini. Nguo zenye uchafu mdogo zifuliwe kwanza, zile nzito zifuate katika maji yale yale. Nguo za watoto zisiingie humo. Kwa njia hii dumu moja huweza kufanya kazi ambayo mtu asiyepanga angeimalizia madumu matatu.

Na maji machafu je? Hapa ndipo kosa la Scutari linapoweza kurudiwa kwa udogo. Nguo za mgonjwa zisifuliwe kwenye bomba la kisima, wala kando ya hori la kunyweshea ngamia, wala kwenye bwawa la kukingia mvua, hata kama kila mtu hufua huko. Maji ya kufulia yamwagwe chooni, au katika shimo lililojazwa mawe, lililo umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji ya kunywa na upande wa chini wa mteremko. Kuchimba shimo hilo ni kazi ya nusu siku kwa mwanamume mmoja. Mwana wa mzee anayeona haya kufua hana sababu ya kuona haya kushika sururu.

Nguo ikishasuuzwa itandazwe juani, juu ya kamba au juu ya ua, si juu ya mchanga wanakopita mbuzi. Jua la Modogashe, linalolalamikiwa na kila msafiri, ni msaada mkubwa katika jambo hili: mwanga wake na ukavu wake huua vijidudu, na kile cha kipindupindu hasa hakivumilii kukauka. Nguo igeuzwe upande wa pili, isitolewe mpaka mishono yote imekauka. Godoro na mkeka haviwezi kuchemshwa. Vitolewe nje na kusuguliwa penye doa kwa sabuni, kisha viachwe juani kutwa nzima. Lakini godoro lililokwisha kunywa mkojo halisafishiki ndani, hata likisuguliwa vipi. Ni bora kulikinga tangu siku ya kwanza kwa kipande cha turubai laini au nailoni nene, na juu yake shuka iliyokunjwa mara mbili, ambayo hubadilishwa peke yake. Gharama ya nailoni ni ndogo kuliko ya godoro.

Kwa nyumba za Waislamu, ambao ndio wakazi wengi wa nchi hiyo, kuna jambo la tohara. Mzee hupenda kusali katika nguo isiyo na najisi, na wengine huacha kula na kunywa vya kutosha ili wasijichafue kabla ya sala. Tendo hilo humdhoofisha, na mkojo mchache mkali humchoma ngozi zaidi. Wanaomtunza wajue kwamba tohara ya nguo na usalama wake wa kiafya ni mambo mawili yasiyopingana. Maji yakimiminwa mpaka athari ya najisi ikaondoka, nguo huwa tohara, lakini huenda vijidudu vikawamo bado. Ndipo sabuni, joto na jua humaliza kazi. Mzee akihakikishiwa kwamba kikoi chake cha sala kimewekwa kando, safi, na kwamba kipo kingine cha kubadilisha, hofu yake itapungua.

Haya ya mzee ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Wapo waficha kikoi kilicholowa chini ya mkeka, ili mkaza mwana asikione. Siku tatu baadaye nzi wamejaa, na ngozi ya makalio imeanza kuwa nyekundu. Kumgombeza hakufai kitu. Atajifunza kuficha vizuri zaidi. Aulizwe kwa sauti ya chini, na mtu wa jinsia yake ikiwezekana, tena kwa saa maalum, asubuhi, adhuhuri na kabla ya kulala, ili kubadilisha nguo kuwe kama chakula, kitu kinachokuja kwa saa yake wala hakihitaji kuombwa. Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, na ngozi iliyolowa ioshwe na kukaushwa upesi, maana unyevu na kulalia upande mmoja huzaa kidonda kisichopona kwa urahisi.

Gharama ipo. Wazee waliotimiza miaka 70 na kusajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazitoshi mambo mengi, nazo aghalabu hutumika kwa chakula cha nyumba nzima. Lakini ni haki ya mzee kwamba sabuni yake na dawa yake ya klorini zitolewe humo kabla ya kitu kingine.

Kuna hali ambazo mfuaji asijaribu kuzishughulikia peke yake. Mzee akiharisha maji matupu kama maji ya mchele, au akiharisha damu, apelekwe hospitali mara moja huku akinyweshwa maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha nguvu, na habari apewe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa. Wahudumu hao wapo nchini kote, nao waligawiwa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023. Macho yakigeuka manjano, mwanamke mwenye mimba asifue nguo za mgonjwa huyo kabisa. Hepatitisi E, iliyozuka katika kambi za Dadaab mwaka 2012, huwa kali mno kwa mama mjamzito, hasa katika miezi 3 ya mwisho, na huweza kumwua. Upele wa kuwasha nao una njia yake: nguo ambazo haziwezi kuchemshwa, kama blanketi la sufu, zifungwe katika gunia lisilopitisha hewa kwa siku 3 au zaidi, kwa sababu mdudu wa upele hawezi kuishi muda mrefu akiwa mbali na ngozi ya mtu.

Kazi ikiisha, ndoo na beseni vioshwe kwa maji ya klorini yaliyobaki, na mfuaji anawe mikono kwa sabuni kwa muda wa sekunde 40 hadi 60, akipitisha kati ya vidole na chini ya kucha, maji yakimiminwa na mtu mwingine kutoka katika birika. Abadilishe dera alilofulia kabla ya kuingia jikoni. Chupa ya soda iliyotumika kupimia klorini itobolewe tundu karibu na mdomo, ifungwe kamba nyekundu kama ile ya ndoo, na itundikwe juu mahali ambapo mtoto hafiki, ikiwa tupu. Watoto huijua chupa ya soda kwa kitu kimoja tu, na dawa iliyobaki ndani yake inafanana na maji.